Wasomaji Wanauliza: Baiolojia ya Seli Chuoni

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili wanaosoma baiolojia ya seli. Zilizofanana tumeziunganisha. Zile zilizotaka tuwafanyie wenyewe kazi ya nyumbani tumeziacha.

SWALI: Sekondari nilifaulu vizuri kwa kukariri sehemu za seli na kazi zake. Chuoni nimekariri vilevile, tena kwa bidii zaidi, na mtihani wa kwanza nimeanguka. Maswali yanauliza "nini kitatokea iwapo…" na mimi kichwani nina orodha tu. Nisomeje?
*Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza*

JIBU: Orodha hiyo usiitupe, ila haitoshi. Swali la chuo linataka kujua kitu kinatoka wapi, kinakwenda wapi, kinasukumwa na nini, na njia ikizibwa kitarundikana wapi. Chagua protini moja uifuate tangu kwenye jeni hadi nje ya seli. Insulini inafaa kuliko nyingi kwa sababu inapita karibu kila kituo.

Anzia kwenye kiini cha seli beta ya kongosho. Jeni inanakiliwa kuwa mRNA, mRNA inatoka kupitia tundu la utando wa kiini, na ribosomu (mashine ya kutengeneza protini) inaanza kuisoma kwenye sitosoli (majimaji ya seli yaliyo nje ya kiini). Mnyororo kamili ungekuwa na amino asidi 110, na zile 24 za mwanzo ndizo anwani. Zikishachomoza tu nje ya ribosomu, chembe maalumu inazishika, inasimamisha usomaji kwa muda na kuipeleka ribosomu kwenye retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa vifereji vya utando ndani ya seli). Mnyororo unaingizwa ndani kupitia mlango wa protini, anwani inakatwa, zinabaki amino asidi 86. Humo ndani mnyororo unakunjwa na vifungo 3 vya salfa vinafungwa. Vifuko vinaubeba hadi Golgi (kituo cha kupanga na kufungasha protini), halafu unapakiwa kwenye vifuko vya kuhifadhia, ambamo kipande cha kati kinakatwa. Mwishowe unabaki na minyororo miwili, mmoja wa amino asidi 21 na mwingine wa 30, iliyoshikamanishwa na vile vifungo vya salfa. Glukosi ikipanda kwenye damu, ATP (molekuli ya nishati) ndani ya seli inaongezeka, milango ya potasiamu inafungwa, volti ya utando inabadilika, kalsiamu inaingia, na vifuko vinaungana na utando wa seli na kumwaga insulini nje.

Sasa chukua kalamu nyekundu uvunje hatua moja moja. Ukiondoa zile amino asidi 24, protini inabaki kwenye sitosoli, tena haikunjwi sawasawa, maana mazingira ya sitosoli hayaruhusu vifungo vya salfa kudumu. Ukizuia vifuko kutoka kwenye retikulamu, insulini ambayo haijakatwa itajaa humo na retikulamu itavimba. Ukiondoa kimeng'enya kinachokata kipande cha kati, seli bado itamwaga kitu nje, lakini hakitakuwa insulini iliyokamilika. Ukiziba mlango wa kalsiamu, vifuko vitakuwa vimejaa na hakuna kitakachotoka. Hayo manne tayari ni maswali ya mtihani, na hukukariri hata moja. Hilo wazo la protini kubeba anwani yake yenyewe ndilo lililompatia Günter Blobel Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Zoezi lenyewe ni hili: funga kitabu, chukua karatasi tupu, chora safari nzima kwa dakika 15. Fungua kitabu, jaza ulichosahau kwa rangi nyingine. Rudia baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, kila mara kwenye karatasi mpya. Ile rangi ya pili ndiyo ramani ya usichokijua. Soma hapo, si sura nzima upya. Ukimaliza insulini, linganisha na protini ya mitokondria. Hiyo kwa kawaida hukamilishwa kwenye sitosoli kwanza ndipo iingizwe, na anwani yake ni ya namna nyingine. Kisha fanya kimeng'enya cha lisosomu (kifuko cha kumeng'enyea ndani ya seli), ambacho kikifika Golgi kinapata alama ya sukari yenye fosfeti. Ukiwa na safari hizo tatu, maswali mengi ya muhula wa kwanza utayatambua sura.

SWALI: Kwenye mchoro wa seli ya shavu niliandika "×400" kwa sababu nilitumia lenzi ya 40 na ile ya jicho ya 10. Nimekatwa alama zote za ukuzaji. Kosa ni nini?
*Msomaji, mwaka wa kwanza*

JIBU: ×400 ni ukuzaji wa hadubini. Mchoro wako una ukuzaji wake, unaotegemea umeuchora mkubwa kiasi gani, na mtu aliyechora seli hiyohiyo kwa ukubwa mara mbili atakuwa na namba mara mbili ya yako. Ili uupate, lazima kwanza ujue ukubwa halisi wa seli.

Ndani ya lenzi ya jicho kuna rula ndogo yenye vigawanyo 100. Vigawanyo hivyo havina thamani yoyote mpaka uvipime kwa slaidi ya kupimia, ile yenye mstari wa milimita 1 uliokatwa vipande 100, kila kipande mikromita 10. Weka slaidi hiyo, linganisha mistari ya sifuri, kisha tazama inapokutana tena upande wa pili. Tuseme kwa lenzi ya 10 vigawanyo 100 vya jicho vinalingana na milimita 1 kamili: kila kigawanyo ni mikromita 10. Kwa lenzi ya 40 vigawanyo hivyohivyo vitalingana na milimita 0.25, yaani mikromita 2.5 kila kimoja. Pima kila lenzi peke yake kwa hadubini unayoitumia, uandike kwenye jalada la daftari. Ukihamia hadubini nyingine, pima upya.

Seli ya shavu ikichukua vigawanyo 22 kwa lenzi ya 40, upana wake ni 22 × 2.5, sawa na mikromita 55. Kama mchoro wako una upana wa milimita 110, gawanya milimita 110 kwa milimita 0.055. Jibu ni ×2000. Kosa linalofuata kwa wingi ni kugawanya milimita kwa mikromita bila kubadilisha kipimo, na hapo unapata ×2, namba ambayo ingetakiwa kukushtua kabla ya msahihishaji.

Kuhusu mchoro wenyewe: mistari myembamba isiyokatika, hakuna kivuli, mistari ya lebo ipigwe kwa rula na isikatizane, na chora ulichokiona. Seli ya shavu chini ya hadubini ya kawaida haionyeshi Golgi hata ukiitafuta usiku kucha. Anayeichora amenakili kitabu, na inajulikana mara moja.

SWALI: Nikitumia lenzi ya 100 yenye mafuta, halafu nikuze picha kwa kamera ya simu, nitaona ribosomu?

JIBU: Hapana. Utapata ukungu mkubwa zaidi. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha nukta mbili zilizo karibu kuliko takriban mikromita 0.2, yaani nanomita 200, na ribosomu ina upana wa nanomita 20 hadi 30. Kizuizi ni urefu wa wimbi la mwanga na pembe ambayo lenzi inaweza kukusanya mwanga huo. Kukuza picha hakuongezi habari ambayo lenzi haikuikamata. Mafuta yana faida kwa sababu yanapinda mwanga karibu sawa na kioo, hivyo miale ya pembeni ambayo ingepotea hewani inaingia kwenye lenzi. Ribosomu zilionekana kwa hadubini ya elektroni. Na tafadhali yafute hayo mafuta kwa karatasi ya lenzi ukimaliza. Yakigusa lenzi ya 40, kila atakayekaa hapo baada yako ataona maziwa.

SWALI: Tumefanya jaribio la ncha ya mzizi wa kitunguu mara mbili. Kundi letu halioni seli hata moja inayogawanyika, ila meza ya jirani wanaziona. Kitunguu ni kilekile.
*Kundi la wanafunzi wanne, mwaka wa pili*

JIBU: Kitunguu kikiwa kilekile, tofauti iko mikononi. Jaribio hili linaharibikia mahali pachache panapojulikana, na slaidi yenyewe hukuambia ni wapi, ukijua kuitazama.

Mlikusudiwa kufanya hivi. Mizizi ikifika sentimita 1 hadi 3, kata sentimita ya mwisho na kuitumbukiza mara moja kwenye mchanganyiko wa ethanoli sehemu 3 na asidi ya asetiki isiyochanganywa na maji sehemu 1. Mchanganyiko huo uandaliwe siku hiyohiyo, kwa sababu ukikaa, asidi na ethanoli huanza kuungana na nguvu yake hupungua. Saa 24 zinatosha. Kama mtasubiri zaidi, hamishieni mizizi kwenye ethanoli ya asilimia 70 na kuiweka kwenye jokofu. Siku ya kazi, ioshe kwa maji, kisha itie kwenye asidi ya haidrokloriki ya mola 1 kwa lita iliyokwisha kufika nyuzi 60 za Selsiasi, kwa dakika 5 hadi 10 kulingana na unene wa mzizi. Osha tena. Tia rangi ya orseini yenye asidi ya asetiki kwa dakika 10 hadi 15. Weka mzizi kwenye slaidi, kata milimita 1 hadi 2 za mwisho, na sehemu iliyobaki itupe. Weka tone la rangi, funika kwa kioo chembamba, gongagonga taratibu kwa upande wa nyuma wa penseli, kunja karatasi ya kunyonyea juu yake, kisha kandamiza kwa dole gumba wima kwenda chini.

Sasa tazameni slaidi yenu. Mkiona seli ndefu za mstatili zilizopangana vizuri, zenye viini vidogo, basi mmechukua sehemu ya juu ya mzizi ambako seli zinarefuka tu na hazigawanyiki. Hili ndilo tunalolishuku kwa kundi lenu. Mgawanyiko uko milimita chache za mwisho, nyuma kidogo ya kofia ya mzizi, na hapo seli ni za mraba, zimebanana, na kiini kinajaza nafasi kubwa. Mzizi ukishapakwa rangi, ncha huwa nyeusi zaidi kuliko kwingine. Ikiwa wakati wa kukata ncha mliigeuza mkapoteza upande, hamtajua mmeweka ipi. Kateni kipande kimoja tu kwa wakati, chini ya macho.

Mkiona bonge la seli zilizorundikana tabaka juu ya tabaka, asidi haikufanya kazi. Kazi yake ni kulegeza gundi ya pektini iliyo kati ya kuta za seli, na kama mliitia ikiwa baridi halafu mkaanza kuhesabu dakika, dakika hizo hazihesabiki. Mkiona uji usio na mipaka ya seli na rangi imefifia, mmezidisha. Mkiona kromosomu zimevutwa upande mmoja kama nywele zilizochanwa, kioo kiliteleza wakati wa kukandamiza. Na mkiona seli za mraba, zimetengana vizuri, zimeshika rangi, lakini zote zimetulia, basi tatizo lilianza kabla ya maabara: mzizi ulikuwa umekauka, umeoza, au ulikaa hewani baada ya kukatwa kabla ya kutumbukizwa.

Asidi ya asetiki isiyochanganywa na maji inachoma ngozi na mvuke wake unauma macho. Kazi hiyo ifanyike kwenye kabati la kuvuta hewa, na glavu mkononi.

Mkishafanikiwa, msihesabu seli nzuri peke yake. Hesabuni zote kwenye eneo mlilochagua. Kati ya seli 400, zikiwa 36 zimo kwenye mgawanyiko, faharasa ya mitosisi ni asilimia 9. Kama mzunguko mzima wa seli umetajwa kuwa saa 20, basi mgawanyiko unachukua 0.09 × 20, yaani saa 1 na dakika 48. Na kama 20 kati ya hizo 36 ziko kwenye profezi (hatua ya kwanza ya mgawanyiko), profezi pekee imechukua saa 1. Hesabu hii inakubalika kwa sharti kwamba seli hazigawanyiki zote kwa pamoja, na sharti hilo liandikwe kwenye ripoti. Kitunguu kina kromosomu 16, kwa hiyo kwenye metafezi (hatua ambayo kromosomu zimejipanga katikati ya seli) iliyotandazwa vizuri mnaweza hata kuzihesabu.

SWALI: Kila mara ninapoulizwa idadi ya kromosomu na ya DNA katika hatua fulani, nakosea moja kati ya mbili.

JIBU: Hesabu sentromia (fundo la kromosomu) ujue kromosomu, hesabu kromatidi (nyuzi zinazoshikwa na fundo hilo) ujue molekuli za DNA. Usibadilishe kanuni hiyo hata siku moja.

Kwa seli ya binadamu kabla ya kunakili DNA: kromosomu 46, DNA 46. Baada ya kunakili: kromosomu bado 46, DNA 92, kwa sababu kromatidi mbili zinashikiliwa pamoja na sentromia yao. Anafezi ya mitosisi: sentromia zimeachana, hivyo seli hiyo moja kwa muda ina kromosomu 92 na DNA 92. Kwenye meyosisi, anafezi ya kwanza haiachanishi sentromia, inatenganisha jozi tu. Ndiyo maana kila seli inayotokea ina kromosomu 23 na DNA 46. Mgawanyiko wa pili unaachanisha kromatidi na kuleta 23 na 23. Wengi huanguka kwenye hatua ya kunakili, wakidhani DNA ikiongezeka maradufu na kromosomu nazo zimeongezeka.

SWALI: Kitabu changu cha zamani kinasema glukosi moja inatoa ATP 38, kingine 36, mhadhiri anasema 30 au 32. Nijibu ipi?
*Anayejiandaa na mtihani*

JIBU: Jibu la mhadhiri, na uonyeshe hesabu. Tofauti haikutokana na kosa la uchapaji.

Glukosi moja ikichomwa yote inatoa NADH 10 na FADH₂ 2 (zote ni wabebaji wa elektroni), na ATP 4 za moja kwa moja: 2 kwenye glaikolisisi na 2 kwenye mzunguko wa Krebs. Hapo vitabu vyote vinakubaliana. Zamani kila NADH ilihesabiwa kuwa ATP 3 na kila FADH₂ kuwa 2: 30 + 4 + 4 ni 38. Peter Mitchell alipopendekeza mwaka 1961 kwamba nishati hiyo kwanza huhifadhiwa kama tofauti ya protoni kati ya pande mbili za utando, msingi wa kutegemea namba kamili ulianza kuyumba. Wazo lake lilipingwa kwa miaka mingi, na alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Protoni hazina sababu ya kugawanyika sawasawa kwa ATP.

Kwa hesabu ya sasa, elektroni za NADH moja zinasukuma protoni 10 nje, za FADH₂ zinasukuma 6. ATP moja inagharimu protoni kama 4: takriban 3 za kuzungusha kimeng'enya kinachotengeneza ATP na 1 ya kuingiza fosfeti ndani ya mitokondria. Hivyo NADH ni 10 ÷ 4 = 2.5 na FADH₂ ni 6 ÷ 4 = 1.5. Jumlisha: 25 + 3 + 4 = 32. Zile NADH 2 zilizotengenezwa kwenye sitosoli haziwezi kupita utando wa ndani zenyewe. Elektroni zake zikibebwa na njia ya gliseroli fosfeti zinakabidhiwa chini, kwenye kiwango cha FADH₂, na unapoteza ATP 2. Ndiyo 30.

Hata 2.5 ni namba ya kukadiria. Kwa ng'ombe, kimeng'enya hicho kina gurudumu la vipande 8 na kila mzunguko unatoa ATP 3, yaani protoni 2.7 hivi kwa ATP kabla ya gharama ya usafirishaji. Tena utando halisi huvuja. Anayeandika "30 hadi 32, kutegemea njia ya kuingiza elektroni" ameonyesha anaelewa. Anayeandika 38 bila maelezo amejitia shaka mwenyewe.

SWALI: Mhadhiri wetu akitaja jambo lolote anauliza "tunajuaje?" Ametupa makala za utafiti, nami napotea ukurasa wa kwanza.
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

JIBU: Usianze ukurasa wa kwanza. Anza na picha na grafu, soma maelezo yaliyo chini yake, na kwa kila moja jiulize: wamelinganisha nini na nini, na ni maelezo gani mengine yangeweza kuleta matokeo yaleyale? Utangulizi usome baadaye.

Jaribia kwa utafiti wa Frye na Edidin wa mwaka 1970, ambao ni mfupi wa wazo na mzito wa mantiki. Swali lilikuwa: je, protini za utando wa seli zinatembea au zimegandishwa mahali? Waliunganisha seli ya binadamu na ya panya kwa kutumia virusi, ikawa seli moja yenye utando mmoja. Protini za panya zilionyeshwa kwa kingamwili za rangi moja, za binadamu kwa rangi nyingine. Mwanzoni kila rangi ilikaa nusu yake. Baada ya takriban dakika 40 kwenye nyuzi 37, rangi zilikuwa zimechanganyika kote.

Wengi wanaishia hapo wakaandika "kwa hiyo protini zinatembea". Lakini mpinzani angesema: labda protini mpya zilitengenezwa na kupachikwa kila mahali. Walizuia utengenezaji wa protini, mchanganyiko ukaendelea. Labda seli inazisukuma kwa nishati yake? Walizuia utengenezaji wa ATP, ukaendelea. Waliposhusha joto chini ya nyuzi 15, mchanganyiko ulipungua sana, jambo unalolitegemea kama protini zinaelea kwenye mafuta ambayo hukakamaa kwenye baridi. Kila jaribio la kulinganisha lilifunga mlango mmoja. Mtihani ukikuambia "eleza ushahidi", alama nyingi ziko kwenye hiyo milango iliyofungwa, si kwenye rangi.

SWALI: Mwongozo unasema "zungusha kwa 800 g". Sentrifuji yetu inaonyesha mizunguko kwa dakika tu. Wenzangu wanaweka 800.

JIBU: Wenzako watapata bomba lilelile walilolitia, halijabadilika. Mizunguko na g (hapa si gramu, ni mara ngapi ya nguvu ya uvutano wa dunia) ni vitu viwili, na kinachounganisha ni urefu wa mkono wa rota. Kanuni: g = 0.00001118 × nusu kipenyo kwa sentimita × mizunguko kwa dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Rota ya sentimita 8 kwa mizunguko 3,000 inatoa 805 g. Mizunguko 800 kwenye rota hiyohiyo ni 57 g tu. Pima toka katikati ya mhimili hadi chini ya bomba likiwa limelala kama linavyolala likizunguka.

Hili lina uzito hasa mkitenganisha sehemu za seli. Viini vinashuka kwa 1,000 g kwa dakika 10, mitokondria kwa 10,000 hadi 20,000 g kwa dakika 20, vipande vya retikulamu kwa 100,000 g kwa saa 1. Ukizidisha hatua ya kwanza, mitokondria zinashuka pamoja na viini na hatua ya pili unaambulia mashapo kiduchu. Kila kitu kikae kwenye barafu, ndani ya sukrosi ya mola 0.25 kwa lita, la sivyo lisosomu zitapasuka kwa maji na vimeng'enya vyake vitaanza kula kile unachokitafuta. Na bomba la kusawazisha lijazwe kwa mizani, macho hayatoshi.

SWALI: Nimeanza mradi wa mwaka wa mwisho wa kukuza seli. Kila nikihesabu kwa slaidi ya kuhesabia seli napata namba tofauti kabisa, kwa chupa ileile.

JIBU: Kabla ya kulaumu slaidi, tazama bomba. Seli huzama kwa dakika chache tu. Ukichota juu bila kuchanganya unahesabu maji, ukichota chini unahesabu mashapo. Vuta na kusukuma taratibu kwa pipeti mara kadhaa, kisha chota papo hapo.

Changanya mikrolita 20 za seli na mikrolita 20 za rangi ya tripani buluu ya asilimia 0.4. Hesabu ndani ya dakika 3 hadi 5, kwani zikikaa sana hata seli hai huanza kunywa rangi. Kioo kiwekwe kwanza, ndipo ugusishe pipeti kwenye ukingo na kuacha mchanganyiko uingie wenyewe. Ukifurika kwenye mifereji, kioo kimeinuka na ujazo si ule tena. Kila mraba mkubwa una milimita 1 kwa 1 na kina cha milimita 0.1, yaani sehemu 1 ya 10,000 ya mililita. Seli zilizolala kwenye mistari ya juu na kushoto zihesabu, za chini na kulia ziache.

Tuseme miraba minne ya pembeni ina 48, 52, 45 na 55. Wastani ni 50. Zidisha kwa 2 kwa sababu ya rangi, kisha kwa 10,000: seli 1,000,000 kwa mililita. Kama kati ya hizo 200 kuna 20 za buluu, zilizo hai ni asilimia 90, yaani 900,000 kwa mililita. Ukitaka kupanda seli hai 300,000, chota mikrolita 333. Wastani wako ukiwa chini ya 20 kwa mraba, bahati tu inatosha kuyumbisha jibu; zungusha seli kwenye sentrifuji na kuziweka kwenye kimiminika cha kukuzia kilicho kidogo zaidi. Ukizidi 50 sana, zimua.

Na ukiona dawa ya kukuzia (kimiminika cha lishe ambamo seli hukua) imegeuka njano usiku mmoja na ina ukungu, ni bakteria: chupa nzima itiwe dawa ya kuua vijidudu na kutupwa. Ikigeuka zambarau, angalia gesi ya kabonidioksaidi, ambayo kwa kawaida huwekwa asilimia 5. Bila hiyo, bikaboneti iliyomo inapandisha pH. Maikoplazma, aina ya bakteria wadogo sana, haionyeshi dalili hata moja kati ya hizo, na penisilini haiigusi kwa kuwa haina ukuta wa seli, kwa hiyo seli zikianza kukua polepole bila sababu, omba zipimwe.

SWALI: Daftari la maabara niandike kwa penseli au kalamu?

JIBU: Maelezo na namba kwa kalamu ya wino, michoro kwa penseli. Ukikosea namba, piga mstari mmoja juu yake ili bado isomeke, uandike sahihi pembeni pamoja na tarehe. Andika pia namba ya toleo iliyo kwenye lebo ya chupa ya kemikali, kwa sababu rangi ikikataa kushika kwa darasa zima, fundi wa maabara ataanza kutafuta hapo.